Macho Yangu Yalikuwa Nyuma

Mwalimu Goodness alipousoma ule mstari wa mchezo kwa sauti, Bibi Ruti aliinuka kwenye benchi, akavuta kanga ikamfunika mpaka kwenye nyusi, akatoka nje bila kuaga. Waliobaki ndani walidhani kabanwa, wakamngoja. Alipokawia, Imelda, binti wa kwaya aliyepewa kuigiza kama bi harusi wa kwenye hadithi, akachungulia dirishani. Akamwona bibi ameketi juu ya tofali, ameegemea ukuta wa kanisa, anapumua kama mtu aliyepanda mlima na mzigo wa kuni.

"Bibi, unaumwa?"

"Siumwi. Mwambie mwalimu neno lile alifute."

"Neno lipi?"

"Lile."

"Lile lipi sasa, bibi? Mbona maneno yapo kibao pale."

Bibi Ruti akafumba macho. Tangu alfajiri alikuwa kwenye mibuni akipalilia, magoti yanamlia, mgongo umekataa kunyooka, na sasa mtoto wa juzi anamtaka ataje kitu ambacho hakijapita kwenye meno yake tangu aolewe. "Lile alilolisoma mara mbili na kifua akapiga," akasema. "Muite Rabson. Yeye anaweza kulisema."

Rabson alikuwa muuza mbolea wa pale Isansa, mtu wa mdomo, na kwenye mchezo alipewa kuwa balozi wa nyumba kumi. Alipoambiwa akalitazama lile karatasi la mwalimu, akasoma, akacheka mpaka akashika ubavu.

"Mwalimu, wewe! Umemvua nguo mkamwana wa watu!"

"Nimefanya nini tena?" Goodness akauliza.

"Baba mkwe wake bibi aliitwa nani?"

"Sijui. Kwenye daftari ameandika 'baba mkwe' tu, mahali pa jina kaweka kistari."

"Kaweka kistari kwa sababu haliandikiki. Mzee yule aliitwa Sikujua. Wandali wa kutoka Ileje, walikuja huku kulima kahawa. Kwao mke wa mtoto hakai mahali alipo baba mkwe, hamtazami, jina lake halitaji, wala neno lolote la kufanana na jina. Hata mzee akifa. Sasa wewe umemwandikia Imelda, 'Sikujua! Sikujua jamani!' Yaani mkamwana anamwita mkwewe kwa jina mbele ya baraza zima, mara mbili, na ngoma ya kifua juu yake!"

Wachezaji waliojaa kwenye chumba cha shule ya Jumapili wakalipuka kwa kicheko. Nje, Bibi Ruti alivuta kanga tena, maana Rabson alikuwa amelitaja jina mara tatu wala hakuona tabu.

Goodness hakucheka. Yeye alizaliwa bondeni Momba, kwa wafugaji, baba yake Mzee Jilala. Mambo ya huku juu aliyakuta ukubwani alipoletwa kufundisha. Akatoka, akachuchumaa mbele ya bibi.

"Nisamehe, bibi. Sikuju—" akajikata. "Nisamehe tu."

"Umeona linavyokuja lenyewe?" Bibi Ruti akasema taratibu. "Mtu akibanwa, ndilo la kwanza. Mimi lilinijia hapa," akagusa koo, "nikalimeza. Ndiyo hadithi yote, mwanangu. Kama ningeweza kulisema, kusingekuwa na hadithi."

Na hadithi ilikuwa yake mwenyewe. Akina mama wa Isansa walikuwa wameagizwa wapeleke mchezo kwenye mkutano wa akina mama Tunduma, na mwalimu akatangaza kwamba mwenye kisa cha kweli akiandike, yeye atakigeuza kiwe maonyesho ya jukwaani. Bibi Ruti aliishia darasa la nne. Aliandika kwa penseli wiki tatu nzima, kurasa kumi na moja, herufi kubwa kama za mtoto.

Aliandika kwamba alikuwa na miaka kumi na tisa, Mnyiha aliyeolewa kwa Wandali, miezi minne tu tangu harusi. Msimu wa kuchuma kahawa, wifi yake Alinanuswe alikuja nyumbani kwa wazazi kusaidia, pamoja na mumewe na mtoto wao Lusajo, wa miaka mitano. Watu wote walikwenda shambani, Ruti akaachiwa mtoto. Mtoto akasema njaa. Ruti akachota maharage kwenye kikapu cha jikoni, akachemsha, akampa. Yeye mwenyewe hakula, alikuwa anakoboa kahawa. Maharage yale yalikuwa ya mbegu, yamepakwa dawa ya wadudu, na dawa nyekundu juu ya maharage mekundu haionekani. Lusajo alifia njiani, mgongoni kwa baba yake, kabla zahanati haijaonekana.

Baada ya maziko palikaa baraza. Baba mkwe alikuwepo, kwa hiyo Ruti aliketishwa nyuma ya uzio wa matete, amegeuka, kanga kichwani, asionane naye. Balozi akauliza kwa sauti, "Ulijua kwamba zile ni mbegu?" Na Ruti akajibu vile alivyofundishwa wiki ya kwanza ya ndoa, kwamba katika nyumba hii neno lile halipo, ukitaka kulisema utasema hivi: "Macho yangu yalikuwa nyuma."

Aliyemfundisha, na hilo daftarini hakuliandika, ni mama mkwe, jikoni, wanawake wawili tu. Wengine waliokaa barazani hawakuyajua. Barazani watu walisikia binti akikiri kwamba aligeuka, hakuangalia, alimpuuza mtoto wa watu. Na toka siku hiyo, miaka arobaini na saba, Alinanuswe hakuwahi kula mkononi mwa Ruti wala kumjibu salamu zaidi ya kichwa. Sasa alikuwa mzee, anaishi Tunduma kwa mwanawe Fanueli anayebadilisha fedha mpakani, miguu imevimba, haji tena Isansa. Lakini mkutano wa akina mama asingeukosa. Angekuwa pale, kiti cha mbele. Ruti hakuandika hilo kwenye daftari. Ndicho kilichokuwa kimeishika ile penseli, na hakukuwa na kingine.

Mazoezi yakaendelea, Jumanne na Alhamisi, saa tisa mchana. Kila siku tatizo jipya.

"Bibi," Goodness alisema, "daftarini umeandika, 'Sikuweza kujitetea kwa sababu ya heshima ya ukoo.' Mtu akisoma anaelewa. Lakini heshima haina miguu, haipandi jukwaani. Yule mama wa nyuma kabisa mwenye mtoto mgongoni ataona binti kaulizwa swali, kajibu kitu cha ajabu, basi. Atamwambia jirani yake, 'Huyu kapagawa.'"

"Si mweke mtu wa kueleza?"

"Msimulizi? Akianza kueleza itakuwa mahubiri. Watu wakiona mtu anaeleza, wanatoa simu."

"Basi wataelewaje?"

"Ndilo linalonikosesha usingizi, bibi yangu."

Siku nyingine ikawa habari ya kukaa. Goodness alimtaka Imelda aketi mbele, awatazame watu, machozi yaonekane.

"Niliketi nyuma ya uzio nimegeuka," Bibi Ruti akasema.

"Tukimgeuza, machozi yake watu hawatayaona."

"Hata yangu hawakuyaona."

Goodness akakuna kichwa kwa kalamu. Imelda, aliyekwisha jifunza kulia kwa kutazama taa bila kupepesa, akanung'unika kwamba kipaji chake kinapotea. Rabson akamwambia, "Lia kwa mgongo, dada. Wasanii wakubwa wanalia hata kwa visigino."

Bibi Ruti hakuwa mgomvi. Alikubali mengi. Alikubali baraza liwe na watu wanne badala ya thelathini. Alikubali mtoto asionekane anakufa, isikike tu sauti ya kina mama. Alikubali mumewe, marehemu Boazi, apewe maneno ya kishujaa ambayo Boazi, Mungu amrehemu, asingeweza kuyatamka hata angelewa. Kila jioni alirudi nyumbani ananyoosha miguu kwenye mkeka na kujiuliza kwa nini alilianza jambo hili, kwamba mwenye kidonda cha zamani anakizoea, na kukifungua ni kazi kuliko kukaa nacho. Lakini kwenye maneno manne hakukubali. Yabaki yalivyo.

Aliyelifungua fundo alikuwa yeye mwenyewe, na hakukusudia. Siku hiyo walikuwa wanakunywa uji, naye akawasimulia, kwa kupitisha muda tu, jinsi mashemeji zake wadogo, watoto ambao barazani hawaitwi, walivyokuwa wakimtega alipokuwa bi harusi. Walikuwa wanamuuliza maswali makusudi ili neno limtoke. "Shemeji, ulijua leo tunakuja?" "Shemeji, ulijua kuku katagia kitandani kwako?" Na yeye anajibu, macho yangu yalikuwa nyuma, nao wanagaragara chini kwa kucheka. Hata siku mgeni alipofika, akapiga hodi na kulitaja jina lenyewe, "Nimemfuata Mzee Fulani," alikimbilia nyuma ya ghala akamjibu mgeni kutokea huko.

Goodness akaweka kikombe chini. "Bibi. Hilo mbona hukuliandika?"

"Ni utani tu. Utani nao ni wa kuandika?"

"Hilo ndilo onyesho la kwanza! Watu wakiona anavyotegwa, wakicheka, wameshajua mwiko. Tukifika barazani hatuelezi kitu. Wenyewe wataelewa."

Wakalitengeneza. Likawa zuri mno, na hapo Bibi Ruti akaanza kuogopa, ila alikuwa amechoka hata kusema anaogopa nini.

Jumamosi ya mkutano walishuka Tunduma kwa basi dogo. Barabara ya kwenda mpakani ilikuwa imejaa malori, yamepangana kama shanga, madereva wamelala chini yake kwenye kivuli. Vijana wa bodaboda wanapita katikati, na wabadilisha fedha wanapunga vibunda vya kwacha. Ukumbi wa kanisa ulikuwa upande ule ule wa malori. Kila honi iliingia ndani kama mwanakikundi.

Alinanuswe alikuwepo. Fanueli alimleta mkono kwa mkono, akamketisha mstari wa mbele, miguu juu ya kigoda. Bibi Ruti alimwona kutoka pembeni ya pazia. Kumbe kawa mdogo hivi, akawaza. Miaka yote alikuwa amembeba kichwani akiwa mkubwa.

Onyesho la kwanza lilikwenda kuliko mazoezi. Rabson, aliyejivika koti la mgeni kabla ya kuwa balozi, alibisha, "Hodi! Nimemfuata Mzee Sikujua!" na Imelda akarukia nyuma ya kikapu cha kahawa hata miguu ikabaki nje. Ukumbi ukacheka. Kina mama wa Kindali na wa Kinyakyusa walipiga vigelegele, maana walijua kinachochezwa. Vijana wawili wakamtega, naye akajibu, "Macho yangu yalikuwa nyuma," na ukumbi ukashangilia. Akategwa tena. "Macho yangu yalikuwa nyuma!" Mara ya tatu watu wakaitikia pamoja naye.

Kisha maharage. Kisha sauti ya kina mama nyuma ya pazia. Ukumbini ikasikika honi moja tu ndefu ya lori.

Kisha baraza. Imelda nyuma ya mkeka uliosimamishwa, amewapa watu mgongo. Rabson, sasa balozi, hana utani usoni, akauliza, "Ulijua kwamba zile ni mbegu?"

Akajibu kwa sauti ndogo, "Macho yangu yalikuwa nyuma."

Na watu wakacheka.

Hawakucheka kwa ubaya. Walikuwa wamezoezwa kucheka, mdomo ukatangulia moyo. Wengine hata waliitikia mwisho wa maneno. Bibi Ruti, nyuma ya pazia, alishika nguzo. Ndicho alichokuwa anakiogopa. Mara ya kwanza, miaka arobaini na saba iliyopita, walielewa vibaya, na mara ya pili wamecheka.

Lakini kicheko hakikufika mwisho. Kilikatika mstari baada ya mstari, kuanzia mbele kwa wazee kwenda nyuma kwa vijana, kama mvua inavyohama shamba. Mama mmoja akasema kwa sauti, "Yesu wangu, hawezi kulisema." Mwingine akamwambia jirani, "Msaidieni basi, jamani, mwambieni balozi!" Rabson, ambaye karatasi lilimwambia aendelee, alisimama kinywa wazi, akaacha kimya kikae. Imelda hakugeuka. Mabega yake yalikuwa yanatikisika, na hakukuwa na taa ya kutazama kule mkekani.

Bibi Ruti hakuangalia mwisho. Alitoka kwa mlango wa nyuma, akaketi kwenye benchi la nje, karibu na tangi la maji, akavua viatu.

Hakukaa sana. Alisikia fimbo. Alinanuswe alikuwa anakuja ameshika ukuta, peke yake, kamwacha Fanueli anamtafuta ndani. Akafika, akasimama mbele yake, pumzi inamwishia.

"Wifi."

Ruti hakuwa amesikia neno hilo likielekezwa kwake tangu ujana. Akasogea, akampisha nafasi kwenye benchi. "Karibu, wifi. Keti."

"Sikai. Nikikaa siinuki." Akaegemea fimbo. "Nilijua huwezi kumtaja baba. Siyo kwamba mimi ni mjinga. Hata mimi nilikokwenda nina baba mkwe, kuna maneno siyasemi. Lakini wake wengine wa pale nyumbani walikuwa wanasema 'sina habari'. Mke wa kaka mkubwa alisema 'sina habari' mpaka akafa. Nilingoja nisikie 'sina habari'. Nikasikia macho nyuma. Nikasema, huyu aligeuka akamwacha mwanangu ale sumu."

"Ndiyo, wifi."

"Na hukuweza kulivunja? Mara moja tu? Kwa ajili ya mtoto wangu?"

Ruti alikuwa ameyatunga majibu mengi ya swali hilo, msimu kwa msimu, jembe mkononi. Alilolisema halikuwa mojawapo. "Nilikuwa na miaka kumi na tisa," akasema. "Nilifikiri nikilitaja na mtoto amekufa, wataniua mara mbili. Lusajo asingefufuka."

"Asingefufuka," Alinanuswe akasema. "Lakini mimi ningelala."

Lori likapiga honi barabarani, mtu akalitukana kwa Kibemba, likanyamaza.

"Nani alikufundisha kusema hivyo?" Alinanuswe akauliza.

Hili ndilo lililokuwa limemfunga Ruti mdomo kuliko jina la mkwe. Angeweza kusema kwamba alijitungia. Alimtazama wifi yake, uso ulivyokunjamana, vidole vilivyoishika fimbo, akaona hana nguvu ya kubeba uongo mpya.

"Mama."

"Mama yangu."

"Mama yetu. Wiki ya kwanza, jikoni."

Alinanuswe akasogea hatua moja. "Mama alikuwepo barazani."

"Alikuwepo."

"Alikaa karibu yangu. Alinishika mkono. Alikusikia."

"Alinisikia."

"Na kikapu kile cha mbegu, aliyekiweka jikoni..." Hakumaliza. Fimbo ikateleza kidogo kwenye saruji. Alinanuswe, aliyesema hakai, akakaa.

Ruti alidhani siku hii ikifika atajisikia mwepesi. Badala yake aliona ametua mzigo kichwani kwake akamtwika mgonjwa. Mama alikwisha kufa miaka mingi, na Alinanuswe ndiye aliyemwosha. Wakakaa hivyo, wazee wawili kwenye benchi moja, mmoja hana viatu, hakuna anayelia. Machozi nayo huzeeka.

Mwalimu Goodness akaja anakimbia, karatasi mkononi, uso unang'aa. "Bibi! Umesikia makofi? Wanataka tuurudie mchezo Vwawa mwezi ujao! Shikamoo, mama." Akamwamkia Alinanuswe asimjue ni nani. "Ila bibi, kila mtu ananiuliza kitu kimoja. Yule mama mkwe. Yuko na binti jikoni kila siku, maneno yale anayajua, na barazani tumemketisha pale pale. Mbona kanyamaza? Watu wamekasirika naye kuliko balozi. Daftarini hukusema. Inabidi nimpe maneno. Aseme nini?"

Ruti aligeuza kichwa, akamtazama wifi yake.

Alinanuswe alikuwa anatazama malori. Kisha akasema, bila kugeuka, "Siku ile hakuwepo. Aliumwa. Alikuwa amelala ndani."

"Aha! Kumbe!" Goodness akatafuta kalamu kwenye nywele. "Hiyo inasaidia sana. Basi namwondoa barazani kabisa. Ni hivyo, bibi? Nisije nikaharibu ukweli wako tena."

Bibi Ruti, aliyegombea maneno manne kwa miezi miwili, aliinama akaanza kuvaa viatu. Kamba ya kushoto ilimsumbua. Alinanuswe akaishikilia kwa ncha ya fimbo mpaka kidole kikapita.

"Ni hivyo," akasema. "Aliumwa. Andika."